Nani Anakaa Juu: Jinsi Saraka ya Bidhaa Mtandaoni Inavyopanga Orodha Yake

Ndugu wauzaji, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana watengeneza tovuti mliojibana kule nyuma karibu na soketi za umeme, habari za mchana.

Muuzaji anayeweka bidhaa kwenye saraka ya mtandaoni huuliza swali moja kuliko yote: kwa nini jiko langu liko ukurasa wa tatu na la jirani liko juu? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba "mfumo ndio unaopanga". Hilo si jibu. Kuna mtu aliyekaa akaamua nyota zihesabiwe hivi, tarehe ihesabiwe vile, pesa iingie hapa. Leo nataka tuufungue huo uamuzi kipande kwa kipande, ili muuzaji ajue anachobishana nacho, na mtengenezaji ajue anachopaswa kukitolea maelezo.

Tuanze na njia kongwe, ya alfabeti. Vitabu vya simu vya biashara kule Marekani vilipangwa hivyo, ndiyo maana mafundi bomba walijiita AAA hivi na AAA vile. Yahoo ilipoanza mwaka 1994 ikiwa saraka ya tovuti zilizopangwa na watu kwa mikono, mchezo wa kutafuta jina la kutangulia ukahamia huko. Kompyuta nayo ina alfabeti yake. Katika mpangilio wa ASCII, yaani orodha inayoipa kila herufi namba yake, nafasi tupu ni namba 32, alama ya mshangao ni 33, tarakimu zinaanzia 48, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Ukiiacha hifadhidata ipange kwa namba hizo bila kuielekeza, duka lililoandikwa "!Bora" litatangulia yote, na "asali" iliyoandikwa kwa herufi ndogo itakaa chini ya "Zulia". Kosa jingine la ukoo huo ni kuhifadhi ujazo wa tanki kama maandishi badala ya namba. Hapo tanki la lita 1000 linatangulia la lita 500, kwa kuwa 1 iko mbele ya 5.

Kupanga kwa bei, ya chini kwanza, watu hudhani ndiyo njia isiyo na ujanja. Basi fungua saraka yoyote isiyo na ulinzi, uchague "simu" na "bei nafuu kwanza". Utakutana na simu za shilingi 1, maana muuzaji hakutaka kutaja bei na fomu ilimlazimisha kuandika namba. Chini yake zitafuata simu za shilingi 5,000, ambazo ukisoma vizuri ni kava za simu. Halafu zile ambazo bei iliyoandikwa ni malipo ya mwezi mmoja ya mkopo. Simu yenyewe unaikuta baada ya kushuka skrini nne. Dawa yake ni rahisi kuiandika: chukua bei ya katikati ya kila kundi, yaani ile ambayo nusu ya bidhaa ziko juu yake na nusu chini yake, kisha bidhaa yoyote iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya bei hiyo ishikiliwe mpaka mtu aiangalie. Kama katikati ya simu janja ni 350,000, chochote chini ya 35,000 kinasubiri. Usitumie wastani wa kawaida, kwa sababu simu moja iliyoandikwa milioni 90 kwa kuteleza kidole itauvuta. Na kwa vitu vya kupima, panga kwa bei ya kipimo: unga kwa kilo, mafuta kwa lita, sabuni kwa mche. La sivyo katoni na mche mmoja vitashindanishwa kama vitu sawa.

Mpangilio wa tarehe, mpya kwanza, unaharibiwa na tabia moja tu: muuzaji anafuta tangazo lake kila asubuhi na kuliweka upya. Ihesabu tarehe tangu picha na jina vilipoingia mara ya kwanza, ruhusu kuhuisha mara moja kwa siku 7, na mchezo unaisha.

Sasa kwenye kisanduku cha kutafutia, ambako mambo ni mazito zaidi.

Programu nyingi za utafutaji leo zinatumia kanuni ya kuzipa nyaraka alama kulingana na neno linalotafutwa, iitwayo BM25, iliyotokana na kazi ya Stephen Robertson na wenzake kwenye mfumo wa utafutaji wa Okapi, City University, London, miaka ya 1990. Ndani yake kuna wazo la Karen Spärck Jones la mwaka 1972, kwamba neno linalopatikana kwenye nyaraka chache lina uzito kuliko linalopatikana kila mahali. Kwenye kundi la simu, neno "simu" halisaidii kutofautisha kitu, kwa hiyo uzito wake ni kidogo; jina la toleo ndilo linalobeba. Wauzaji, sikilizeni hapa. Kanuni hiyo ina namba mbili za kurekebisha, na thamani zinazotumika kwa kawaida ni 1.2 na 0.75. Ya kwanza inazuia marudio ya neno yasilete faida bila kikomo. Neno likitokea mara 1 tulipe alama 1. Likitokea mara 2 linapata kama 1.38, mara 5 linapata 1.77, mara 20 linapata 2.08, na hata uliandike mara elfu halitafika 2.2. Namba ya pili inapunguza alama za maelezo marefu kuliko wastani. Kwa hiyo yule anayejaza "simu simu bei nafuu simu" aya nzima anapata faida ndogo upande mmoja na kukatwa upande wa pili. Kinacholipa ni jina la bidhaa lililokamilika: aina, toleo, ukubwa, rangi. Saraka nyingi hulipa neno lililo kwenye jina uzito mara mbili au tatu ya lililo kwenye maelezo.

Ila kanuni hizo zilikuzwa kwa lugha zinazobadilisha miisho ya maneno. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Mteja anaandika "viti", muuzaji aliandika "kiti", na kwa mashine hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Mtungi na mitungi, jiko na majiko, tanki na matanki, ufagio na fagio, yote hivyohivyo. Kijana mwerevu atasema: tukate viambishi vya mwanzo. Sawa, kata "ki" na "vi". Kiti na viti vinakutana kwenye "ti", vizuri. Halafu anakuja mama anayetafuta vijiko vya chai. Kata "vi", linabaki "jiko". Saraka inamletea majiko ya gesi ya plati nne. Ukikata "m" kwenye "mbao" unapata "bao", na fundi seremala anaonyeshwa mchezo wa kete. Kinachofanya kazi ni jedwali la mkono: orodha ya majina halisi ya bidhaa mlizonazo, umoja na wingi kwenye mstari mmoja. Mistari mia chache inatosha kwa saraka ya kawaida, na watu wawili wanaimaliza kwa wiki. Kwenye jedwali hilohilo waongezwe ndugu wa maana: friji na jokofu ni mstari mmoja, lakini friza iwe na mstari wake, maana anayetaka kugandisha samaki hataki friji.

Kuna kajambo kadogo kanakosumbua kuliko ukubwa wake. Andika "king'arishio" kwa kompyuta, kisha uandike tena kwa simu. Ile alama baada ya "ng" inaweza kuwa ya wima au ya kupinda, na kwa mashine ni herufi mbili tofauti kabisa, kila moja na namba yake: U+0027 na U+2019. Muuzaji ametumia moja, mteja nyingine, matokeo ni sifuri. Zigeuzeni zote kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Ni mstari mmoja wa programu.

Tukishapata bidhaa zinazolingana na neno, ipi itangulie? Watu wengi hapo wanakimbilia nyota, na wanakosea kwa namna ileile: wanapanga kwa wastani. Chukulia majiko matatu. La kwanza lina nyota 5.0 kutoka kwa wateja 3. La pili lina 4.7 kutoka kwa wateja 240. La tatu lina 4.9 kutoka kwa 12. Kwa wastani mtupu la kwanza linakaa juu, na wateja 3 hao huenda ni muuzaji, shemeji yake na mtoto wa jirani.

Njia ninayoipendekeza ni kumpa kila mmoja kura za kuanzia. Tafuta wastani wa saraka nzima, tuseme 4.1. Kila bidhaa ianze na kura 20 za kubuni zenye thamani hiyo, kisha ziongezwe kura zake halisi. Jiko la kwanza: kura 20 mara 4.1 ni 82, jumlisha 15, gawanya kwa 23, unapata 4.22. La pili: 82 jumlisha 1,128, gawanya kwa 260, unapata 4.65. La tatu: 82 jumlisha 58.8, gawanya kwa 32, unapata 4.40. Mpangilio umegeuka: la pili, la tatu, la kwanza. Na jiko lisilo na kura hata moja linapata 4.1, halianguki chini kabisa kana kwamba limekataliwa na kila mtu. IMDb, tovuti ya habari za filamu, ilitumia kanuni ya aina hii kwa orodha yake ya filamu 250 bora, ikaiweka wazi watu waisome. Hiyo 20 si namba takatifu. Kundi lenye maoni mengi liongezewe mpaka 50 au 100. Lenye maoni machache libaki 5 au 10. Ukiweka 500 kwenye saraka changa, bidhaa zote zitakwama 4.1 na mpangilio hautasema kitu.

Kama mna kidole juu na kidole chini badala ya nyota, kuna hesabu ya mtakwimu Edwin Wilson ya mwaka 1927. Inauliza: kwa kura hizi chache, ni kiwango gani cha chini cha wateja walioridhika tunachoweza kukitetea? Kura 3 njema kati ya 3, kwa uhakika wa asilimia 95, zinatetea asilimia 44 tu. Kura 228 njema kati ya 240 zinatetea asilimia 91. Unapanga kwa hizo 44 na 91, si kwa 100 na 95. Reddit, tovuti ya majadiliano, ilianza kupanga maoni kwa njia hiyo mwaka 2009. Mimi bado napendelea kura za kuanzia, kwa sababu moja tu: muuzaji ukimweleza kwa kalamu na karatasi, anaelewa.

Maoni ya kununuliwa nayo yapo, tusijifanye hatujui. Nchini Marekani kanuni ya kuzuia kuuza na kununua maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024. Kwenu, anzeni na mambo mawili: maoni ya aliyenunua kupitia saraka yabebe uzito kamili na mengine robo, na maoni mengi yanayoingia kwa saa chache kwa bidhaa iliyokuwa kimya yashikiliwe. Msiyafute papo hapo. Mshindani naye anaweza kukununulia nyota tano ili ufungiwe.

Wengine huona nyota zina kelele, heri kuhesabu wanaobofya. Hapa pana mtego, nao ni nafasi yenyewe. Watu hubofya kilicho juu kwa sababu kiko juu. Thorsten Joachims na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walipogeuza kwa siri mpangilio wa matokeo, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, washiriki waliendelea kuegemea yaliyokaa juu. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio la watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 zisizojulikana. Waliowekwa mahali penye kuona idadi ya waliopakua kila wimbo walisababisha nyimbo chache zipae na nyingine zizame, na pengo lilikua zaidi nyimbo zilipopangwa kwa safu moja kuanzia iliyopakuliwa zaidi. Katika kundi moja wimbo ulipanda, katika kundi jingine wimbo uleule ukabaki chini. Saraka inayopanga kwa mibofyo mitupu inafanya hivyohivyo kila siku: aliyewahi anabaki.

Tiba ni kulinganisha bidhaa na nafasi iliyokalia. Tuseme rekodi zenu zinaonyesha nafasi ya 1 hupata mibofyo 10 kwa kila mara 100 inapoonyeshwa, na nafasi ya 8 hupata 1. Bidhaa iliyo nafasi ya 8 ikipata 2, uwiano wake ni 2.0. Iliyo nafasi ya 1 ikipata 8, uwiano ni 0.8. Anayestahili kupanda ni wa nafasi ya 8, ingawa mibofyo yake ni robo ya mwenzake. Bidhaa mpya isiyo na rekodi itengewe nafasi moja katika kila kumi, mpaka ifikishe mara 200 za kuonyeshwa, ndipo ishindane kama nyingine. Wateja wanapoteza kidogo kwa siku chache. Bila hivyo ukurasa wa kwanza unakuwa ukoo wa kifalme.

Ukishakuwa na vipande hivi, unavijumlisha, na wanaojumlisha bila kuvileta kwenye kipimo kimoja huharibu kila kitu. Nyota ni 1 hadi 5, mauzo ni 0 hadi maelfu; ukijumlisha hivyo hivyo, mauzo yanameza nyota. Kila kipande kiletwe kati ya 0 na 1. Idadi ya mauzo na ya maoni ipitie logi ya msingi 10 kwanza, kabla ya kuletwa humo, ili 10 iwe 1, 100 iwe 2, 1,000 iwe 3, maana kutoka mauzo 10 hadi 100 ni habari kubwa kuliko kutoka 910 hadi 1,000. Alama ya upya wa tangazo ipungue kwa nusu kila baada ya muda fulani. Kwa siku 90, tangazo la leo lina 1, la miezi mitatu lina 0.5, la miezi sita 0.25. Kwa mboga siku 90 ni kichekesho. Kwa kabati ni sawa. Na bidhaa iliyokwisha dukani isipunguziwe alama, iondolewe mpaka irudi.

Pesa sasa, maana naona baadhi yenu mnaingojea. Mwaka 1998 tovuti ya utafutaji ya GoTo.com ilianza kuuza nafasi za utafutaji kwa mnada: aliyetaja bei kubwa kwa kila mbofyo alikaa juu. Kasoro yake ni kwamba mwenye tangazo lisilo na maana kwa mtafutaji anaweza kutaja bei kubwa, asibofywe na mtu, na saraka isipate kitu. Mwaka 2002 Google ikaanza kuzidisha bei kwa kiwango cha kubofywa. Mfano: Muuzaji wa kwanza ametaja shilingi 500 kwa mbofyo na hubofywa mara 1 katika 100, alama yake ni 5. Wa pili ametaja 300 na hubofywa mara 3 katika 100, alama yake ni 9. Wa pili anakaa juu, na halipi 300. Analipa kiasi kinachotosha kumpita mwenzake, 5 gawanya kwa 0.03, yaani shilingi 167. Mnada huo ni wa haki kiasi chake, mradi neno "Tangazo" liandikwe kando ya bidhaa, kwa maandishi yanayosomeka juani kwenye simu ya bei ndogo. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuchanganya: kuchukua pesa na kuongeza alama 0.3 kimyakimya ndani ya mpangilio unaoitwa "Bora zaidi". Umoja wa Ulaya tangu Julai 2020 unazitaka saraka na masoko ya mtandaoni yaeleze vigezo vikuu vya mpangilio na kwa nini vina uzito huo, pamoja na jinsi malipo yanavyouathiri. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipa nafasi nzuri huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei na kuwashusha washindani. Mahakama ya juu ya Umoja huo ikaithibitisha Septemba 2024.

Nimalizie na kitu kinachosahauliwa mpaka simu zianze kulia: alama zinapofungana. Bidhaa 40 zikiwa na 4.10 zote, hifadhidata ina ruhusa ya kuzileta kwa mpangilio wowote, na ukurasa wa pili unaweza kuombwa kwa mpangilio tofauti na ule wa kwanza. Matokeo yake bidhaa moja inaonekana kurasa zote mbili, na nyingine haionekani kabisa, na mwenye hiyo ya pili ataapa kwamba mmemfuta. Ongezeni kigezo cha mwisho kisichofungana. Namba ya usajili inatosha, ila inawapendelea wa zamani milele; heri namba inayochanganywa na tarehe ya leo, ili zamu zibadilike kila usiku wa manane na zitulie mchana kutwa.

Na kila mpangilio unapokokotolewa, hifadhini vipande vyake karibu na bidhaa: kulingana na neno, nyota baada ya kura za kuanzia, uwiano wa mibofyo, upya, mauzo. Namba tano. Muuzaji akipiga simu kuuliza kwa nini yuko ukurasa wa tatu, mhudumu azifungue hizo tano za kwake na tano za aliye juu, asome moja moja. Mara nyingi mtagundua tofauti yote iko kwenye ya kwanza, kwa sababu mwenzetu ameandika jina la bidhaa yake "Mzigo mpya umeingia".

Asanteni. Maswali tuyapokee, tuanze na yule dada aliyeinua mkono tangu kwenye mambo ya kijiko.